Shore Akipiga Kelele Mwembeni

Fundi ninayemsifu hapa hafiki gramu 50. Ana kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, mgongo wa kahawia, na manyoya ya manjano chini ya mkia. Ni shore, ndege wa kila parseli ya Dilala, komuni ya mji wa Kolwezi. Tumemzoea kiasi cha kutomtazama, na wenye mipapai wanamchukia kwa sababu huwatangulia kuonja. Lakini mtu akikaa nyuma ya nyumba asubuhi, akaiacha simu ndani na kumfuatilia mpaka jua likolee, ataona kwamba shore ana kazi nyingine mbali na kula mapapai. Ni mlinzi, na anaijua kazi yake kwa undani unaostahili kutazamwa bila haraka.

Mahali pa kazi ni padogo. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na Union Minière kwa ajili ya shaba, na mitaa ya wafanyakazi ikapangwa kwa mistari iliyonyooka, kila nyumba na kiwanja chake. Watu wakapanda miembe, miparachichi, mipapai na migomba. Tangu hapo migodi imepanuka, na miombo iliyouzunguka mji imekatwa kwa makala au kuondolewa ili ardhi ichimbwe. Kwa ndege wengi wadogo, mwembe wa nyuma ya nyumba sasa ndio kimbilio kubwa lililo karibu. Chini yake kuna kuku na vifaranga, kuna gunia la makala, kamba ya nguo na paka wa jirani. Kwenye ukuta wa matofali kuna panya, na palipo na panya nyoka naye hupita. Juu kuna mwewe, kipanga na kunguru. Walaji na waliwaji wote wanaishi ndani ya hatua chache, na wote wanajuana.

Anza na paka. Paka anatokea pembeni ya choo, tumbo likigusa majani. Shore akimwona, hakimbii. Anashuka tawi moja, kisha jingine, anasimamisha kishungi, anatikisa mbawa na kuanza kupiga kelele kavu, fupi fupi, zinazorudiwa bila kupumzika. Paka akisogea kando ya ukuta, shore anasogea naye kwa juu. Paka akisimama, kelele zinapungua kasi lakini haziishi. Paka akiinama kuvizia, zinaongezeka. Wakati huo shore wa pili amekwishafika, na kwera wawili, na chozi mmoja anayeng'aa ambaye dakika moja iliyopita alikuwa ameinamia ua la mgomba. Wote wanamtazama paka mmoja, wakiwa karibu naye kuliko walivyokuwa kabla hawajamwona.

Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza huo ni wazimu. Kwa nini umsogelee anayekula watoto wako? Lakini silaha ya paka ni kutoonekana. Akishaonekana, akatangazwa kwa kila kiumbe aliye mwembeni, asubuhi yake imeharibika. Mara nyingi hukaa kidogo, analamba mguu, kisha anaondoka kwa mwendo wa mtu asiyekuwa na shughuli hapo. Shore humsindikiza mpaka mwisho wa ukuta. Hamwachi katikati ya njia, na sehemu hii ya kazi yake ndiyo ninayoipenda zaidi. Anataka kujua adui ameishia wapi, kwa sababu paka aliyepotea machoni ni hatari kuliko paka aliyepo.

Sasa mbadilishe adui. Badala ya paka, kipanga mdogo anapita kwa kasi juu ya mapaa ya bati, chini chini, akifuata mstari wa miti. Shore yule yule, mwembe ule ule, na hakuna kelele kavu hata moja. Pengine utasikia sauti moja nyembamba, ya juu, isiyo na mwanzo wala mwisho unaoshikika. Pengine hata hiyo hutaisikia. Utakachosikia ni parseli nzima kukatika sauti. Kwera wanadondoka kwenye ua wa michongoma, tetere anaganda juu ya waya, chozi anabana kwenye shina. Mtoto anayecheza na tairi haoni tofauti yoyote, ila aliyezoea kusikiliza huinua kichwa kwa sababu ya kimya hicho.

Mwaka 1955 mtafiti Mwingereza Peter Marler aliandika katika jarida la Nature maelezo ya tofauti hii, akitumia ndege wa kwao. Sikio hujua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha upande na upande: imefika sikio gani kwanza, imekuwa na nguvu zaidi wapi. Sauti kavu, pana, inayoanza ghafla na kukatika ghafla hulipa sikio alama nyingi za kulinganisha. Sauti nyembamba ya juu inayoingia polepole na kuisha polepole hailipi alama hizo. Ya kwanza inasema: nipo hapa, na adui yupo hapa, njooni. Ya pili inasema kuna hatari, na inamficha msemaji. Baadaye watafiti wa Ujerumani walipima masikio yenyewe na kukuta kwamba kwenye kiwango hicho cha juu kipanga husikia vibaya kuliko ndege wadogo anaowawinda. Yaani anayeonya huzungumza pale ambapo sikio la adui ni dhaifu.

Nikilitazama jambo hili kwa utulivu naona kwamba neno "woga" halitoshi. Woga ungetoa sauti moja kwa kila kitu. Hapa pana uamuzi: adui ni nani, yuko juu au chini, ametulia au anaruka, ananijua au hajanijua, na je, nataka nisikike au nataka nipotee. Yote hayo huamuliwa kwa muda usiofika nusu ya pumzi.

Kuku naye ana sehemu yake. Tunamdharau kwa kuwa anaishia chunguni, na anayedharauliwa hachunguzwi. Lakini kati ya ndege wote wa parseli, yeye ndiye ambaye wanasayansi wamemsikiliza kwa subira kubwa zaidi. Jogoo ana onyo la hewani na onyo la ardhini. Akiona mbwa au paka, hutoa mlolongo wa ko-ko-ko unaoendelea muda mrefu na kuishia kwa ukelele. Akiona kitu kinachopita angani, sauti ni nyingine kabisa: ya kuvuta, moja au mbili, kisha kimya. Mwaka 1993 Christopher Evans, Linda Evans na Marler walitangaza matokeo ya kuwachezea mitetea sauti hizo kutoka kwenye spika, bila adui yeyote kuonekana. Mitetea waliposikia onyo la hewani walikimbilia mahali palipofunikwa, wakachutama na kutazama juu. Waliposikia onyo la ardhini walisimama wima, shingo ndefu, wakatazama huku na huku usawa wa macho. Hawakuona kipanga wala mbweha. Sauti peke yake iliwatosha kujua watazame wapi.

Marler na wenzake waligundua jambo jingine. Jogoo aliye peke yake, akioneshwa kivuli cha mwewe kikipita juu, mara nyingi hunyamaza. Akiwa na mtetea karibu, anaita. Na kazi iliyofanywa baadaye Australia ilionesha kwamba jogoo aliye chini ya kichaka au mti huita kwa muda mrefu zaidi kuliko aliye peupe. Anapima usalama wake mwenyewe kabla ya kuamua ataonya kiasi gani. Huo ni uaminifu wenye hesabu, na simlaumu; mlinzi aliyeliwa hamlindi mtu kesho.

Mtazame jogoo anapotazama juu. Haelekezi mdomo angani. Analaza kichwa upande, jicho moja likiwa limelala sawasawa na mbingu, jingine limebaki chini. Macho ya kuku yako pembeni, na kila jicho hupeleka habari zake zaidi kwenye upande wa pili wa ubongo. Kwa vifaranga imeonekana kwamba jicho la kulia ni hodari wa kutofautisha punje na kokoto, na la kushoto ni hodari wa kumwona adui. Mgawanyo huo huimarishwa ndani ya yai. Siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, kifaranga amejikunja hivi kwamba jicho la kushoto limezibwa na mwili wake, na la kulia limeelekea ganda. Mwanga kidogo unaopenya, pale mama anapoinuka kwenda kunywa maji, hufika jicho la kulia tu.

Mwaka 2004 Lesley Rogers, Paolo Zucca na Giorgio Vallortigara walilinganisha vifaranga wa mayai yaliyopata mwanga na wa mayai yaliyowekwa gizani. Waliwamwagia punje katikati ya kokoto, na wakati wanadonoa, kivuli cha ndege mwindaji kikapitishwa juu yao. Waliopata mwanga waliweza kazi zote mbili: kuokota punje na kuchunga anga. Waliokaa gizani walichanganyikiwa. Nikisoma hivyo namtazama mtetea wa kwetu anayetoka kwenye beseni lake la kutagia, anajinyoosha, anakunywa, anachakura kidogo, na kurudi. Dakika hizo ambazo tungezihesabu kuwa uzembe ni sehemu ya malezi.

Mama wa parseli ya pili amefuga kuku tangu wanawe wakiwa wadogo, na yeye hajasoma chochote kati ya haya. Anapika bukari jikoni, mgongo ukiwa umeelekea mlango, mwiko unazunguka. Jogoo akianza ko-ko-ko ya paka, haachi mwiko. Anajua ana muda, na mara nyingi shore amekwishamaliza kazi. Lakini ile sauti ya kuvuta ikitoka mara moja tu, anatoka mbio kabla hata hajafikiri, anapiga makofi, anapaza sauti, na macho yake yako juu tayari. Anausikia uwanja wake kama makanika anavyoisikia injini. Niliwahi kumuuliza anajuaje. Akanijibu: "Kwanza usikie, papa. Kisha uangalie. Ukianza kuangalia, mwewe ameisha kwenda naye."

Vifaranga wao hujifunza mapema sana. Mama akitoa onyo wanaingia chini ya mbawa zake au chini ya kitu chochote kilichoinama: kigoda, jani la mgomba, baiskeli iliyolazwa. Ndiyo maana mtu anayefuga kuku Dilala na ua wake umefagiliwa mpaka kuwa jangwa hupoteza vifaranga wengi kuliko yule mwenye vichaka viwili vitatu. Usafi wa ua ni heshima ya nyumba, nakubali, lakini kifaranga anahitaji mahali pa kukimbilia palipo karibu kuliko kasi ya mwewe. Wanaojua huacha kitunga kimeinuliwa upande mmoja kwa jiwe. Wengine huwafungia chini ya kitunga kabisa wiki za mwanzo, hasa mwisho wa kiangazi.

Mwisho wa kiangazi ndio msimu wa mwewe. Yule mwenye mdomo wa manjano na mkia uliogawanyika huja sehemu zetu kuzaa, na baada ya mvua wengi wao husogea tena kaskazini ya ikweta. Anapokuwa na makinda, kifaranga cha kuku ni chakula kilichopimwa sawasawa kwa makucha yake. Lakini haki yake apewe. Kwa siku nyingi mwewe anaokota panya waliogongwa barabarani, utumbo uliotupwa karibu na soko, na mvua za kwanza zikinyesha anadaka kumbikumbi hewani na kuwala bila kutua. Mtazame mkia wake: unapinda kushoto na kulia peke yake, mbawa zikiwa zimetulia, na mwili mzima unageuka. Anashuka kwenye ua uliojaa watu, nyaya na kamba za nguo, anachukua kwa miguu, na kupanda tena bila kugusa kitu. Waliomwona akifanya hivyo wamemlaani, na ni sawa, ila hakuna aliyeona kazi ya ovyo.

Ndege wanajua tofauti ya mwewe anayepita na mwewe anayewinda. Akiwa juu sana, anazunguka kwa kutegemea joto la mchana, kuku wanaendelea kuchakura na jogoo analaza kichwa tu, anamtia jicho. Duara likianza kuwa dogo na kushuka, jogoo anaacha kula. Mbawa zikikunjwa kidogo, sauti inatoka. Kunguru, wale wenye kifua cheupe, hawasubiri hivyo. Wakiwa na kiota kwenye mkalitusi huinuka wawili wawili, wanapanda mpaka wawe juu ya mwewe, kisha wanamshukia kwa zamu kwenye mkia na mgongo. Hawamshambulii kwa mbele hata siku moja. Mwewe hugeuka hewani, tumbo juu, akionesha makucha, na kunguru wa pili anatumia nafasi hiyo hiyo kumdonoa. Hivyo hivyo wanamsukuma avenyu kwa avenyu mpaka atoke kwenye eneo lao. Faida inawafikia kuku pia, ingawa kunguru hakukusudia na yeye mwenyewe, akipewa nafasi, huiba mayai.

Bundi akikutwa na mchana ndipo utawaona mafundi wote pamoja. Kuna bundi mdogo wa miombo, mwenye madoa meupe, ambaye huwinda hata mchana. Kisogoni ana madoa mawili meusi yenye ukingo mweupe, yanayofanana na macho, kwa hiyo anayemjia kwa nyuma anajikuta anatazamwa. Waongozaji wa watalii katika mashariki na kusini ya Afrika huiga mluzi wake ili kuwaita ndege wadogo, na hufaulu, kwa sababu ndege wadogo wakimsikia hawatulii mpaka wajue aliko.

Shore huanza. Kisha anakuja chozi, ambaye uzito wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa bundi, na ndiye anayesogea karibu kuliko wote. Kwera wanakuja na kelele nyingi, umbali mkubwa kidogo. Kuzumburu wananing'inia mikia ikiwa chini, wanatazama, wanasema kidogo. Kila mmoja ana umbali wake, na umbali huo unatokana na wepesi wake wa kugeuka. Wanaruka juu ya bundi, nyuma yake, pembeni yake. Wanaepuka nafasi moja tu: ile iliyo mbele ya uso wake, chini kidogo, ambako miguu inaweza kufika. Bundi anafumba macho nusu, anavumilia, na mwisho anahama, kundi likimfuata. Ninaweza kusimama chini ya mti nikitazama mzozo huo mpaka shingo iume. Hakuna kiongozi anayegawa nafasi, na bado hawagongani.

Kelele zenyewe zina kipimo. Mwaka 2005 Christopher Templeton na wenzake wawili walionesha, kwa ndege mdogo wa Amerika ya Kaskazini mwenye kofia nyeusi, kwamba anavyomwona mwindaji aliye mdogo zaidi ndivyo anavyoongeza silabi mwishoni mwa onyo lake. Sababu ni ya kikazi. Bundi mkubwa au tai hawezi kupinda kona katikati ya matawi kwa ajili ya ndege mwenye uzito wa sarafu chache. Bundi mdogo anaweza. Ndege wa jamii nyingine wanaosikia silabi hizo nao huzisoma na kuitikia kwa nguvu inayolingana na hatari. Sijui shore wetu anahesabu nini ndani ya kelele zake, lakini yeyote aliyekaa Dilala ameona tai akipita juu sana na mwembe ukaendelea na mazungumzo yake, kisha kipanga asiyemzidi njiwa akapita na mwembe ukanyamaza wote.

Kelele za mji zinaingia katikati ya ufundi huu. Malori ya madini hupita barabara ya taifa namba 39 usiku na mchana, jenereta zinanguruma umeme ukikatika, na milipuko ya migodini hutikisa vioo. Ngurumo hizo ziko chini, nzito. Sauti nyembamba ya kuonya kuhusu kipanga iko juu yake na hupita. Kelele kavu za kumpigia paka, zilizo pana, ndizo zinazomezwa kwa sehemu. Huko Leiden, Uholanzi, Hans Slabbekoorn na Margriet Peet waliandika mwaka 2003 kwamba ndege wa mahali penye kelele huimba kwa sauti ya juu zaidi kuliko wenzao wa mahali patulivu. Ningependa sana vijana wa vyuo vya hapa mkoani Lualaba wachukue vinasa sauti wakapime shore wa kando ya barabara na shore wa avenyu za ndani. Kinasa sauti cha simu kinatosha, miti ipo, na ndege hawaombi malipo.

Ukitoka mjini kuelekea ziwa la Nzilo, lililotokana na bwawa kwenye mto Lualaba, miombo iliyobaki ina bingwa ambaye mara nyingine hufika mpaka miti ya mwisho ya mji. Mramba ni mweusi wote, macho mekundu, mkia umegawanyika kama alama ya V. Hakuna ndege wa kimo chake anayemwogopa adui kidogo kuliko yeye. Anamfuata mwewe, anamfuata tai, anatua mgongoni mwa kunguru akiwa hewani na kumdonoa kichwa. Ndege wengine hupenda kula karibu naye kwa sababu jicho lake halilali.

Na ujuzi huo huo anautumia kuiba. Tom Flower aliwafuatilia mramba wa Kalahari kwa miaka, na mwaka 2014 yeye na wenzake wakaeleza katika jarida la Science jinsi wanavyofanya. Mramba hukaa mtini juu ya wanyama wadogo wa jamii ya nguchiro wanaochimba wadudu. Kipanga akija kweli, anawaonya kweli. Mmoja wao akichimbua nge mnene, mramba anatoa onyo la uongo, wote wanakimbilia shimoni, naye anashuka na kuchukua nge. Karibu robo ya chakula chake hutokana na wizi wa namna hiyo. Wakianza kumzoea na kupuuza sauti yake, anabadilisha: anaiga onyo la ndege mwingine, au onyo la wanyama hao wenyewe. Flower alirekodi maonyo ya aina 51. Uongo huo unasimama juu ya kazi nyingi ya kweli. Kama asingewaonya kwa haki kila kipanga anapotokea, onyo lake la uongo lisingemtia mtu shimoni.

Sidhani shore anaiba hivyo. Wizi wake ni ule wa mapapai, wa wazi. Anachofanana na mramba ni kujifunza, na hapo ndipo swali linaponivutia zaidi: shore kijana, aliyetoka kiotani mvua zikiwa katikati, mdomo bado una ukingo wa manjano, anajuaje kwamba paka ni adui na mbuzi si adui? Wote wawili wana miguu minne, wote wanapita chini ya mwembe, na mbuzi ni mkubwa zaidi.

Eberhard Curio na wenzake, huko Ujerumani, walitoa jibu mwaka 1978. Walichukua ndege weusi wa bustani za kwao, wakaweka vizimba viwili vinavyotazamana na kati yake sanduku lenye pande mbili. Ndege mwalimu alioneshwa bundi, akapiga kelele. Ndege mwanafunzi, kwa upande wake, alioneshwa ndege wa Australia asiyedhuru mtu na ambaye hajapata kumwona. Alichokiona mwanafunzi ni kwamba mwenzake anamlalamikia kiumbe huyo. Tangu hapo naye akampigia kelele, hata akiwa peke yake. Kisha mwanafunzi huyo akafanywa mwalimu wa mwingine, na huyo wa mwingine, mpaka mnyororo ukafika ndege sita, na funzo likawa bado halijafifia. Kwa njia hiyo hiyo walifaulu kuwafundisha ndege kuipigia kelele chupa ya plastiki, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi.

Kwa hiyo kelele za mwembeni zina kazi mbili kwa wakati mmoja. Zinamfukuza paka, na zinamwonesha kinda paka ni nani. Kinda hukaa tawi la juu, nyuma ya wazazi, anatazama wanakotazama. Mara ya kwanza hasemi kitu. Baada ya muda anasema kidogo, kwa sauti isiyokomaa, mara nyingine akiwa amemwelekea mbuzi, na wazazi hawamfuati. Wanaendelea kula, na kelele zake zinaisha zenyewe. Paka akirudi, wazazi wanaanza, naye anaanza nao. Mvua zinapokatika tayari anashuka tawi kwa tawi, kishungi kimesimama, anamsindikiza paka mpaka mwisho wa ukuta.